SOMO: Stendi ya mbao ya tangi la samaki la futi tatu

Swali la stendi linaulizwa kila mara, na kila mara naandika upya yale yale. Nayaweka yote hapa. Ukiuliza kitu kilichomo humu, nitakurudisha humu.

Uzito kwanza, maana ndio unaopuuzwa. Tangi la sentimita 90 kwa 40, kimo 45, linabeba lita 162, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo cha milimita 8 chenyewe kinakaribia kilo 31. Tia mchanga na mawe kilo 20, umepita kilo 210, na mzigo huo haushuki usiku wala mchana. Meza ya TV haikutengenezewa kazi hiyo.

1. Mbao. Nunua inchi 2 kwa 4 ya saiprasi, iwe soko la Gikomba, Nairobi, au yadi ya mbao iliyo karibu nawe, na uchague kwa mkono wako. Utazame ubao kwa urefu wake kutoka ncha moja. Ukiwa umepinda, uache. Ubao mzito kuliko wenzake, wenye ubaridi ukiugusa, bado una maji. Utajipinda ukishakauka, na wakati huo tangi liko juu yake.

2. Piga randa, kisha upime unene upya. 2 kwa 4 ikishapigwa randa haibaki inchi mbili.

3. Kata. Fremu ni mbili, ya juu na ya chini. Kila moja ina vipande viwili vya sentimita 90 na vitatu vya upana. Unene ukibaki sentimita 4.5, vya upana vinakuwa 31 (40 toa unene mara mbili). Miguu minne ya sentimita 60, ifungwe pamoja na kukatwa kwa mara moja ili ilingane.

4. Kuunga miguu. Soma hapa polepole. Fremu ya juu IKALIE vichwa vya miguu. Mafundi wengi wanaipigilia ubavuni mwa mguu, na hapo kilo zote 210 zinaning'inia kwenye misumari. Niliikagua moja mtaani Kayole: skrubu zilikuwa zimeinama, tundu zimechimbika kuelekea chini, na dalili pekee kwa nje ilikuwa mstari mwembamba wa vanishi iliyopasuka kwenye kiungo. Mwenyewe alidhani ni jua. Ukiona mstari huo kwako, toa maji siku hiyo hiyo.

Mzigo upite hivi: tangi, plaiwudi, fremu ya juu, mguu, fremu ya chini, sakafu. Mbao juu ya mbao. Skrubu kazi yake ni kuzuia visisogee. Kwa hiyo ndani ya kila pembe simamisha kibao kinachoshika mguu pamoja na fremu zote mbili, ukifunge kwa gundi na skrubu. Toboa kwanza kwa dirili, maana saiprasi hupasuka karibu na ncha. Na kama mwanga unapita kati ya mguu na fremu, usizibe kwa gundi. Fungua, rekebisha mkato, funga tena.

5. Plaiwudi ya milimita 9 mgongoni, skrubu kila sentimita 15. Usiiruke.

6. Plaiwudi ya milimita 18 juu.

7. Msasa, kisha vanishi mara tatu. Kingo za plaiwudi zipate zaidi, ndizo zinazonywa maji.

8. Weka pimamaji pande zote. Stendi ikiinama, kabari inaingia chini ya fremu ya chini, kamwe si chini ya tangi. Jaza maji nusu, halafu pima kwa rula kutoka usawa wa maji hadi ukingoni, pembe zote nne. Namba zikitofautiana, toa maji urekebishe.

MASWALI (kila muulizaji nimemtaja kwa mtaa wake)

Umoja: Naweza kutumia misumari tu?
— Hatua ya 4.

Rongai: Tangi langu ni kubwa, hii itatosha?
— Kubwa kiasi gani? Leta urefu, upana na kimo. Bila vipimo siwezi kukujibu.

Donholm: Fundi wangu huunga ubavuni miaka yote na hakuna iliyoanguka.
— Ndugu, kabati la nguo linavumilia hivyo. Mimi naongea juu ya maji, tena sebuleni kwenye watoto. Sibadilishi hatua ya 4.

Kasarani: Samahani, plaiwudi ya mgongoni haibebi uzito. Mbona umesema isirukwe?
— Swali zuri sana, dada. Mguu uliosimama wima unabeba mzigo mkubwa bila shida. Hatari ni stendi kulala upande, pembe nne zikageuka kutoka mraba kuwa mshazari. Ubao mzima uliofungwa pande zote hauwezi kubadili umbo hivyo. Jaribu kabla ya kuufunga: sukuma fremu kwa ubavu uone inavyoyumba. Funga, sukuma tena. Kama unataka mgongo uwe wazi kwa ajili ya mabomba, funga mbao mbili za mshazari, zitafanya kazi ile ile.

Pipeline: Mimi niko ghorofa ya nne. Sakafu itahimili?
— Kwa tangi la kipimo hiki, ni kama watu wazima watatu wamesimama pamoja. Liweke ukutani, karibu na nguzo, si katikati ya chumba. Ukitaka la futi sita, muulize mhandisi kwanza.

Kasarani: Asante. Je, niweke povu chini ya tangi?
— Kama chini ni kioo kitupu, ndiyo, tandika stairofomu nyembamba, inameza vijiwe na vinundu vidogo. Kama tangi lina fremu ya plastiki kuzunguka chini, usiweke; linatakiwa likalie fremu yake.

Umoja: Na hita je? Julai samaki wangu wanajikunyata chini.
— Nairobi Julai hita ni lazima kwa samaki wa maji ya joto, wanataka kama nyuzi 24 hadi 27. Waya wa hita uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likitiririka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye stima. Soketi yenyewe usiifunge ndani ya stendi chini ya tangi. Ifunge ukutani, pembeni, juu ya usawa wa maji ukiweza.