Bima ya kamera: soma kipengele cha gari kwanza

Wapiga picha wenzangu wa Dodoma, kabla hujalipia bima ya kamera, muulize wakala swali moja: nikiiacha ndani ya gari, mnalipa? Mikataba mingi hailipi kitu kilichoibwa kwenye gari lisilo na mtu, au inalipa tu kama kilifungiwa kwenye buti na mlango ukavunjwa. Sisi tunaosimama Kolo kwenda kuona michoro ya mapangoni, begi likabaki siti ya nyuma, hapo ndipo tunapoumia.

Bima ya vitu vya nyumbani nayo ina mtego wake. Ukipokea hela za harusi kwa kamera hiyo, kampuni inaweza kusema ni chombo cha biashara, na madai yakaishia hapo. Sema ukweli tangu mwanzo, omba bima ya hatari zote inayofuata kifaa popote, na kama unavuka mpaka, hakikisha nchi unayokwenda imeandikwa.

Usishushe thamani ya vifaa ili upunguze ada ya bima unayolipa. Vifaa vya milioni 6 ukiviandikisha milioni 3, lenzi ya milioni 2 ikiibwa unaweza kulipwa milioni 1 tu, kwa kuwa umekatia bima nusu ya thamani, tena ukatwe kile kiasi cha hasara ambacho mkataba unakutaka ubebe mwenyewe.

Mimi nimepiga picha namba ya utambulisho (serial) iliyo kwenye kila bodi ya kamera na lenzi, pamoja na risiti za mashine ya EFD (zile karatasi hufifia haraka!), nikajitumia kwenye barua pepe. Kikipotea kitu, chukua RB (namba ya taarifa) ya polisi siku hiyohiyo.