Namna ya Kusoma Habari za Protini Inayozuia Uvimbe wa Ubongo Kupenya

Ukikutana na habari kwamba protini ya asili imeudhibiti uvimbe wa ubongo, tafuta kwanza kilichozuiwa hasa: ni kuota kwa mishipa mipya ya damu, au ni kupenya kwa seli za saratani ndani ya ubongo wenye afya? Mambo haya mawili huchanganywa sana, na lugha yetu nayo inachangia, kwa kuwa tumezoea kusema saratani "imesambaa", ilhali glioblastoma, saratani kali ya ubongo, ni nadra kutoka nje ya ubongo na mfumo wa neva. Hujipenyeza humo humo, ikifuata kuta za mishipa ya damu na njia za nyuzi za neva, mfano wa mizizi ya mkuyu kati ya mawe ya ukuta wa zamani. Ndiyo maana daktari mpasuaji anaweza kuuondoa uvimbe wote unaoonekana na bado ukarudi.

Hoja ya kuunyima uvimbe damu ilitolewa na mtafiti Judah Folkman wa Boston mwaka 1971, na baadaye maabara yake ikatambua angiostatini (1994) na endostatini (1997), ambazo huzuia mishipa mipya kuota na ni vipande vya protini kubwa zaidi za mwilini. Hata hivyo, uvimbe ulionyimwa damu haulazimiki kusimama. Katika baadhi ya majaribio ya panya, seli za glioma (kundi la uvimbe wa ubongo ambalo glioblastoma imo) zilizozuiwa kujiotesha mishipa mipya ziliambaa kwenye mishipa iliyokuwapo na kupenya mbali zaidi, kwa hiyo habari inayotaja mishipa pekee bado haijagusa suala la kupenya.

Chukua mfano wa PEX, ambao kwa maoni yangu ndio unaofundisha vizuri zaidi. Kimeng'enya kiitwacho metaloproteinasi-2 hukatakata kolajeni na protini nyingine zinazozizunguka seli, na hivyo kuifungulia seli njia ya kupita. Ili kikate mahali panapotakiwa, hujishikiza kwenye uso wa seli kupitia protini ya kishikizo iitwayo integrini ya alfa-v beta-3, ambayo hupatikana kwenye seli za mishipa inayoota na pia kwenye seli nyingi za glioma. PEX ni kipande cha mkiani cha kimeng'enya hicho hicho, chenye sehemu ya kujishikiza lakini kisicho na sehemu ya kukata. Kikitangulia kuikalia integrini, kimeng'enya kizima hukosa pa kushika. Kwa kuwa mshipa na seli ya saratani hutumia kishikizo kimoja, kipande kimoja kinaweza kuvizuia vyote viwili, na utafiti wa mwaka 2001 ulionyesha jambo hilo kwa glioma za binadamu zilizopandikizwa kwa panya.

Sasa uliza uvimbe uliotumika ni wa aina gani. Seli za U87, aina ya seli za glioma ya binadamu zinazotumiwa sana maabara, zikipandikizwa kwenye ubongo wa panya hukua kama donge lenye kingo safi, tofauti na glioblastoma ya mgonjwa, kwa hiyo jaribio la kupenya lililotegemea seli hizo pekee lina uzito mdogo. Uliza pia protini iliufikiaje uvimbe, maana kizuizi kati ya damu na ubongo hakipitishi molekuli kubwa kwa urahisi.

Kisha tazama kipimo cha mafanikio. Dawa ya bevasizumabu, ambayo ni kingamwili iliyotengenezwa na wala si protini ya mwilini, hupunguza uvujaji wa mishipa, na picha za MRI huonekana nzuri hata pale ambapo seli zinaendelea kupenya. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa iliuchelewesha ugonjwa kuendelea, lakini haikuongeza muda wa kuishi. Silenjitaidi, dawa iliyoilenga integrini ile ile inayokaliwa na PEX, nayo ilishindwa kurefusha maisha katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka huo huo.

Kwa mwenye mgonjwa nyumbani, swali la kumuuliza daktari lihusu upasuaji, mionzi na temozolomidi, ambayo ni dawa ya kemikali ya saratani. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba kuongeza temozolomidi kwenye mionzi kulisogeza muda ambao nusu ya wagonjwa waliufikia wakiwa hai kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Habari yoyote ya protini mpya ipimwe kwa idadi ya miezi kama hiyo, iliyopatikana kwa binadamu.