SOMO: Kuokota dodo chini ya mnazi kwenye raundi za mwisho za drafti ya NHL

Wakuu, salaam kutoka Arusha. Wengi mmeniuliza pembeni jinsi ya kuchagua vijana wa mchezo wetu wa mwaka huu, kwa hiyo naweka somo hapa nijibu mara moja.

Kwa wageni: kila mwaka ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, NHL, inagawana vijana, timu zikichagua kwa zamu. Hiyo ndiyo drafti. Timu ni 32 na raundi ni 7, kwa hiyo yanaitwa majina 224. Raundi ya kwanza hupigwa peke yake, usiku wao, na hapo kwetu ni usiku wa manane, Sakina nzima imelala. Raundi sita zilizobaki hupigwa kesho yake mchana wa kwao, zikatukuta jioni tukiwa macho na chai mezani. Ndiyo maana sisi tunacheza na raundi ya 5, 6 na 7 tu. Kila mwanachama anachukua vijana watatu kuanzia jina la 129, halafu tunasubiri miaka.

Sasa shika hili kabla ya yote. Kijana aliyebaki hadi raundi ya tano hakubaki kwa bahati mbaya. Maskauti, wale watafuta vipaji wa timu, wamemwona, wakampita, na walikuwa na sababu. Ukienda kutafuta kijana asiye na kasoro utapoteza muda, huyo ameshabebwa jana yake usiku. Unachotafuta ni kasoro yenyewe: ni ipi, na je, itaondoka au atazeeka nayo?

Hatua ya 1: Tarehe ya kuzaliwa kabla ya jina

Ili kijana aingie drafti lazima awe ametimiza miaka 18 ifikapo 15 Septemba ya mwaka huo. Aliyezaliwa tarehe 16 anasubiri drafti inayofuata. Matthew Schaefer, aliyeitwa namba moja na New York Islanders mwaka 2025, kazaliwa tarehe 5 Septemba 2007. Angechelewa kuzaliwa kwa siku kumi na moja tu, angeingia drafti ya 2026. Maana yake, kwenye orodha moja una mtoto ambaye bado hajatimiza 18 na mwingine anayekaribia 19, na wote wanapimwa kwa pointi zilezile.

Kuna jambo la pili. Tangu utotoni, makundi ya umri kwenye hoki hukatwa kwa mwaka wa kalenda. Wa Januari anacheza na wa Desemba wa mwaka uleule. Aliyewahi kusimamia timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, anajua picha hii: anayechaguliwa kwanza ni yule aliyeanza kuota ndevu, kisha tunasema ana kipaji. Huyo ndiye anapewa dakika nyingi na kocha mzuri, na pengo linazidi kukua. Watafiti waliochambua drafti za NHL walikuta kwamba waliozaliwa nusu ya pili ya mwaka huchukuliwa nyuma ya thamani wanayokuja kuionyesha.

Kwa hiyo mimi naanza na waliozaliwa Julai hadi katikati ya Septemba. Joe Pavelski ni wa Julai 1984, aliitwa wa 205 mwaka 2003. Jesper Bratt ni wa Julai 1998, New Jersey wakamchukua wa 162. Marehemu Johnny Gaudreau alikuwa wa Agosti 1993, wa 104. Msije mkanirushia Mark Stone na Kirill Kaprizov: najua, mmoja ni wa Mei, mwingine wa Aprili. Tarehe inakupa pa kuanzia kuchimba, haikupi jibu.

Hatua ya 2: Pointi kazipata wapi

Goli na asisti kila moja ni pointi moja, lakini ligi hazilingani. Kijana wa miaka 17 anayecheza na wanaume wenye familia Uswidi, Finland au Urusi anaweza kumaliza msimu na pointi chache, dakika nane kwa mechi, akaonekana si kitu mbele ya mwenzake anayemwaga magoli kwenye ligi za vijana za Kanada. Bratt alikuwa anacheza daraja la pili la Uswidi, na klabu ya AIK, dhidi ya watu wazima. Kaprizov alikuwa Novokuznetsk, huko Siberia, kwenye timu dhaifu ya ligi kuu ya Urusi. Minnesota walimchukua wa 135 mwaka 2015.

Kama kijana yuko kwa wanaume na kocha wake anaendelea kumpanga hadi mwisho wa msimu, mimi namweka kwenye daftari hata kama hana magoli.

Hatua ya 3: Pasua pointi zake

Hapa ndipo wengi wetu tunakwama, na hapa ndipo kazi ilipo. Chukueni mfano wa kutunga. Kijana A ana pointi 60 kwenye mechi 64, kijana B ana 45. Macho yanakwenda kwa A. Fungua sasa karatasi za mechi, zile zinazoandika kila goli, nani kafunga, nani kampa, na timu zilikuwa na watu wangapi uwanjani.

Kwenye hoki goli moja linaweza kutoa asisti mbili: ya aliyempa mfungaji, na ya aliyempa huyo aliyetoa pasi. Asisti ya pili mara nyingi ni bahati. Beki kasukuma paki (kile kisahani wanachokipiga) mbele kutoka golini kwake, wenzake wawili wakafanya kazi, naye kaandikiwa pointi. Halafu kuna pawaplei: mpinzani katolewa mtu kwa dakika 2, ninyi mko watano dhidi ya wanne, na kila kocha anaweka watu walewale watano. Aliyepangwa kwenye kundi hilo ataokota pointi tu.

Tuseme katika 60 za A, 30 ni za pawaplei na 14 ni asisti za pili za wakati timu zina watu sawa. Zimebaki 16. Katika 45 za B, pawaplei ni 8, asisti za pili ni 7. Zimebaki 30. Kijana B anazalisha karibu mara mbili wakati watu wakiwa sawa, na huenda ni kwa sababu kocha wake hampi pawaplei ya kutosha. Hiyo ni kasoro inayoondoka. Atakapopewa, pointi zitapanda bila yeye kuongeza chochote.

Kazi hii inachosha, sikatai. Karatasi 64 za mechi ni usiku mzima na thermos ya chai ya tangawizi. Lakini ni takwimu za bure, ziko kwenye kurasa za ligi zenyewe, na tarehe za kuzaliwa na historia ya klabu utazipata kwenye tovuti ya Elite Prospects.

Hatua ya 4: Nani alikuwa pembeni yake

Ondrej Palat alicheza Drummondville, Quebec, timu moja na Sean Couturier. Mwaka 2011 Couturier aliitwa wa 8. Palat akaitwa wa 208, na Tampa Bay, na baadaye akabeba Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, mara mbili nao, 2020 na 2021. Maskauti walijaa kwenye zile mechi kumwangalia mwingine.

Ila hatua hii inakata pande mbili. Anayecheza na nyota huenda anabebwa. Angalia mechi ambazo nyota aliumia au alikwenda timu ya taifa. Kama pointi zinakauka, mwache.

Hatua ya 5: Waliopitwa

Asiyeitwa akiwa na miaka 18 anaweza kuitwa mwaka unaofuata, na wengi huwa hawawatazami tena. Pavel Datsyuk alipitwa, akapitwa tena, Detroit wakamchukua wa 171 mwaka 1998 akiwa na karibu miaka 20. Palat hivyohivyo, drafti mbili zilimpita. Hapa jiulize tu: kapanda kwa sababu kakua mwili na kapewa dakika, au kwa sababu sasa anawaonea wadogo? Aliyepitwa mwaka jana na mwaka huu anaongoza ligi ya vijana akiwa na miaka 20 mimi simgusi, isipokuwa hatua ya 3 imenishawishi.

Hatua ya 6: Video, mwisho kabisa

Naiweka mwisho makusudi. Ukianza na video utampenda kijana, kisha utatafuta takwimu za kukutetea. Na msiangalie mkusanyiko wa magoli. Humo kila mtu ni Datsyuk. Tafuta mechi nzima, umfuate yeye tu, hata paki ikiwa upande mwingine. Je, anageuza kichwa kabla paki haijamfikia? Akipoteza paki anarudi au anasimama kulalamika?

Kuhusu miguu: maskauti wanaogopa sana mchezaji mzito kwenye barafu. Mark Stone aliachwa hadi nafasi ya 178 mwaka 2010 na utelezaji wake ulisemwa sana. Mpaka leo si mwepesi, lakini anasoma mchezo mapema kiasi kwamba hahitaji kukimbia, na mwaka 2023 alikuwa nahodha wa Vegas walipobeba kombe. Mimi naamini miguu inafundishika kiasi, jicho haliongezeki sana baada ya miaka 18. Kwa hiyo mzito mwenye jicho namchukua kabla ya mwepesi anayekimbilia ukutani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Pasua, Moshi: Mkuu, bando langu ni la kuungaunga. Nikitumia takwimu peke yake bila video, nitapona?

Mangi, utapona. Fanya hatua ya 1 hadi ya 5, ubaki na majina kama kumi, kisha uombe mwenye waifai akuangalizie mechi mbili za kila mmoja. Aangalie kichwa na kurudi nyuma tu, magoli asikuhesabie.

Dada wa Njiro: Kaka, samahani, kama mambo haya yako wazi hivi, kwa nini timu zenye mabilioni zisiyafanye?

Yanafanywa, dada, na mianya inazibwa. Zamani ufupi ulikuwa mgodi. Gaudreau alikuwa na kama mita 1.68 na timu zilimwogopa. Mwaka 2016 Alex DeBrincat, mfupi vilevile, alikuwa amefunga magoli 51 msimu huo na bado akaitwa wa 39. Siku hizi mfupi mwenye takwimu kama zile hafiki kwetu. Ndiyo maana nimeacha kuanza na kimo. Mwanya wa tarehe za kuzaliwa umepungua pia, ila bado upo, na wa kupasua pointi upo kwa sababu ligi ni nyingi na maskauti wanatumwa kwa wanaojulikana.

Mdau wa Kijenge: Hujagusa makipa. Mbona Henrik Lundqvist aliitwa wa 205 na akawa mfalme wa New York?

Nimewaruka kwa sababu hatua zangu haziwafai. Kipa hukomaa taratibu, na takwimu zake za ujanani zinategemea mabeki walio mbele yake. Connor Hellebuyck alipitwa mwaka 2011, akaenda kudaka Odessa, Texas, ligi ambayo wachache waliiangalia, Winnipeg wakamchukua wa 130 mwaka 2012. Mwaka 2025 akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Pekka Rinne aliitwa wa 258 mwaka 2004 wakati hata klabuni kwake hakuwa kipa namba moja. Dustin Wolf aliitwa wa 214 kati ya 217 mwaka 2019, kisa ni mfupi kwa kipa, ingawa takwimu zake zilikuwa za juu. Ukiwa na nafasi tatu, weka moja kwa kipa, ya mwisho, na uchague mwenye takwimu nzuri aliyeachwa kwa kimo. Mbili ni kamari.

Mzee wa Soweto, Moshi: Shikamoo zimeniishia, nauliza tu. Kaprizov wako alichukua muda gani? Mimi nina umri.

Marahaba hatuitaki mzee wetu, shikamoo. Aliitwa 2015, akaingia NHL msimu wa 2020/21, akawa mchezaji bora chipukizi. Miaka mitano na ushee. Wenye mikataba Urusi ndivyo walivyo, na hiyo ilikuwa sehemu ya sababu ya kubaki hadi nafasi ya 135. Kama hutaki kusubiri, kwako wewe hatua ya 5 ndiyo ya kwanza: waliopitwa wana miaka 19 au 20, wako karibu zaidi na kujulikana kama ni wali au ni pumba.

Mdau wa Ngarenaro: Na wale wa mwisho kabisa, jina la 224? Si kupoteza nafasi?

Patric Hörnqvist aliitwa wa 230 mwaka 2005, jina la mwisho la drafti nzima, na Nashville. Mwaka 2017, akiwa Pittsburgh, alifunga goli lililoipa timu yake kombe. Waliofungwa ni Nashville walewale.

Dada wa Njiro tena: Orodha tunaleta lini?

Kabla raundi ya tano haijaanza, kwa ujumbe mmoja, majina sita kwa mpangilio maana watatu wa kwanza wanaweza kubebwa mapema. Ukiandika baada ya jina la 129 kuitwa hatupokei, hata kama umeme ulikatika.