Kagua betri ya ndani kabla ya kuongeza kumbukumbu

Aliyebahatika kupata kompyuta ya mkononi ya zamani kama TRS-80 Model 100, iliyotoka mwaka 1983, asiiwashe kabla ya kuifungua, kwa sababu ukiacha zile betri 4 ndogo zinazobadilishwa kwa nje, ipo nyingine ya nikeli na kadimi, ya volti 3.6, iliyochomelewa kwenye bodi ili kutunza kumbukumbu. Ikizeeka huvuja, na uvujaji wake, ambao ni alkali, hula njia za shaba taratibu. Kwetu Kigoma, unyevu wa ziwani hauisaidii hata kidogo bodi iliyokwisha kuanza kuliwa.

Ukiona ukungu wa kijani kwenye miguu ya betri hiyo, itoe, sugua mahali hapo kwa mswaki laini uliochovywa kwenye siki nyeupe, suuza kwa spiriti, kisha acha pakauke kabisa. Baada ya hapo pima kila njia ya shaba kwa mita ya umeme. Isiyopitisha umeme iungwe kwa waya mwembamba na risasi kidogo.

Betri mpya iwe ya kuchajika, ya volti zilezile. Ya lithiamu isiyochajika ni hatari, maana saketi ya bodi huichaji betri hiyo wakati mashine inapowaka. Bodi ikishakuwa salama ndipo uchomeke moduli za kumbukumbu za kilobaiti 8 kwenye soketi zake, hadi jumla ya kilobaiti 32, ukihakikisha miguu yote imeingia bila kupinda.