Kupima uthabiti wa sekta ya benki kwa alama Z, hatua kwa hatua

Ukimuuliza mtu kama benki za nchi fulani ni imara, jibu la haraka huwa ni faida. Lakini benki inaweza kutangaza faida nono na mwaka uliofuata ikafungwa. Swali la kuuliza ni hili: hasara iwe kubwa kiasi gani ndipo mtaji uishe? Alama Z inalijibu kwa hesabu unayoweza kuifanya kwenye Excel jioni moja.

Hatua ya 1: Kusanya takwimu

Kwa kila benki tafuta vitu vitatu: faida baada ya kodi, jumla ya mali na mtaji wa wanahisa. Chukua miaka mitano au zaidi, na kama taarifa za robo mwaka zipo ni bora. Hifadhidata ya Benki ya Dunia ina alama Z ya nchi nyingi, nayo itakufaa kulinganisha jibu lako, si kulichukua mzimamzima.

Usizisahau benki zilizofungwa au kumezwa na nyingine. Niliwahi kuchora grafu iliyopanda miaka kumi mfululizo, nikaifurahia kweli, kumbe orodha yangu ilikuwa na zile zilizonusurika tu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya benki moja

Gawa faida kwa mali. Gawa mtaji kwa mali. Jumlisha majibu hayo mawili, kisha gawa kwa mchepuko sanifu wa faida kwa mali, yaani kiasi ambacho faida huyumba kutoka kipindi hadi kipindi.

Tuseme benki ina mali ya 1,000, mtaji wa 120 na faida ya 20. Faida kwa mali ni 2%, mtaji kwa mali ni 12%. Kama mchepuko ni 0.7, basi (2 + 12) ÷ 0.7 = 20. Maana yake, faida ingepaswa kushuka mara 20 ya myumbo wake wa kawaida ndipo mtaji ukauke. Benki nyingine yenye faida ileile ya 2%, ila mtaji wa 9% na mchepuko wa 1.1, inapata 10. Kwa faida zinalingana. Kwa uimara, moja ni nusu ya mwenzake.

Faida ikiwa ya robo mwaka, mchepuko nao uwe wa robo mwaka. Ukichanganya, jibu halina maana.

Hatua ya 3: Kutoka benki hadi sekta

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanajumlisha mizania zote (taarifa za mali na madeni ya kila benki) kama vile ni benki moja kubwa, na hasara ya mmoja inafunikwa na faida ya mwingine. Piga hesabu ya kila benki kwanza, halafu tafuta wastani kwa uzito wa mali, yaani benki yenye mali nyingi ihesabike zaidi.

Hata wastani huo usiuamini peke yake. Chukua sekta yenye benki kumi: tisa zina alama 25, moja ina alama 4 nayo imeshika theluthi ya mali yote. Wastani ni 18, unapendeza. Lakini theluthi ya sekta iko ukingoni! Kwa hiyo mimi huandika namba mbili kila mara: wastani, na asilimia ya mali iliyo kwenye benki zenye alama chini ya 10. Hiyo 10 ni mstari wangu wa kazi, si sheria.

Hatua ya 4: Kagua mikopo chechefu

Kwa kawaida mkopo huitwa chechefu ukipitisha siku 90 bila kulipwa. Uwiano wake hudanganya kirahisi. Mikopo chechefu 50 kati ya 1,000 ni 5%. Benki ikikopesha 250 mipya, uwiano unashuka hadi 4% na hakuna aliyelipa hata senti. Tazama kiasi chenyewe, kisha tazama mikopo iliyopangiwa upya muda wa kulipa. Wagonjwa wengi wamelazwa humo.

Hatua ya 5: Ukwasi na hati fungani

Ukwasi ni uwezo wa benki kulipa fedha taslimu zinapodaiwa. Alama Z haioni wenye amana wakikimbilia mlangoni. Silicon Valley Bank ya Marekani ilipata faida mwaka 2022, lakini tarehe 9 Machi 2023 wateja walitoa dola bilioni 42 kwa siku moja, na kesho yake ikafungwa. Riba zilikuwa zimepanda, thamani ya hati fungani zake (hati za mkopo zinazouzwa sokoni) ikashuka, na sehemu kubwa ya hasara hiyo haikupita kwenye hesabu ya faida.

Kwa hiyo rudia hesabu. Soma maelezo ya chini ya mizania, tafuta bei ya soko ya hati fungani, kisha pengo kati ya bei hiyo na thamani iliyoandikwa vitabuni litoe kwenye mtaji na kwenye mali. Benki yetu ya kwanza ikiwa na pengo la 70, mtaji unabaki 50 na mali 930. Alama yake inatoka 20 hadi karibu 11, kabla mteja yeyote hajatoa amana yake.