SOMO: Kupunguza uga sumaku wa vyombo vya umeme nyumbani (soma lote kabla ya kuuliza)

Nimechoka kujibu swali hilihili, kwa hiyo naliandika mara moja.

1. Zima usichotumia. Uga sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayozunguka waya au chombo, huletwa na mkondo wa umeme; mkondo ukikatika, nao hakuna.

2. Sogea. Kwa mota na transfoma, ukiongeza umbali mara mbili uga hushuka karibu mara nane. Kikausha nywele kikiwa sentimita 3 kutoka kichwani huweza kufika hata mikrotesla 2000 (mikrotesla ni kipimo cha uga sumaku). Kwenye sentimita 30 hazizidi 7 hivi.

3. Hamisha kitanda. Ukuta hauzuii kitu, kwa hiyo chungulia upande wa pili: friji au mainswichi ikiwa imeegemea pale unapoweka kichwa, geuza kitanda.

4. Pima. Hapa ndipo wengi huharibu. Programu ya simu haifai: kihisi cha simu kimetengenezwa kwa ajili ya dira, kinasoma sumaku ya dunia, ambayo ni mikrotesla 25 hadi 65 popote ulipo. Mtu anaona 48 anakuja hapa mbio kutangaza msiba. Tafuta mita ya kupima uga sumaku wa mkondo geu (AC, yaani umeme wa nyumbani). Ikisoma kwa miligausi, gawanya kwa 10 upate mikrotesla. Ikiwa na mhimili mmoja, igeuze pande tatu, maana ukiielekeza vibaya itasema sifuri mbele ya mota inayonguruma. Friji ipime inapounguruma, si ikiwa imepumzika. Na TAFADHALI usifungue kifuniko cha mainswichi kwa kufukuza namba. Uga haukuui pale, umeme unakuua.

MASWALI

Kibao_Kata: Nikizungushia foili ya alumini si inatosha?
— Haitoshi. Hatua ya 2.

Mzee wa Fyuzi: Kwa hiyo friji inaleta saratani, si useme tu!
— Nimeandika wapi hivyo? Mwaka 2002 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliuweka uga huu kundi 2B, yaani "huenda" unaleta saratani, kwa ushahidi finyu kuhusu leukemia (saratani ya damu) ya watoto. Kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, kwa umma ni mikrotesla 200 kwenye hertzi 50, yaani umeme wa nyumbani. Somo ni la kupunguza kwa gharama ndogo. Usinilishe maneno.

Nuru: Mkuu, sebuleni napata mikrotesla 0.5 kila kona, hata nikizima vyombo vyote vya humo. Inatoka wapi?
— Swali zuri hili. Uga usiopungua ukisogea mara nyingi hautoki kwenye chombo, unatoka kwenye nyaya. Laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) zikienda pamoja, uga zake hufutana. Zikipita njia tofauti, chumba kizima kinakuwa ndani ya kitanzi. Zima mainswichi: namba ikibaki, chanzo kiko nje ya nyumba. Ikitoweka, washa saketi mojamoja uone ipi inairudisha. Anza na taa ya ngazi yenye swichi mbili, moja chini moja juu. Mafundi hupenda kuazima nyutro ya saketi nyingine pale. Ukishaijua, mwite fundi.

Nuru: Ni taa ya ngazi kweli! Na jiko la induksheni je? Baba ana betri ya moyo.
— Hongera. Sufuria ifunike duara lote na ikae katikati. Ikiwa ndogo au imekaa upande, uga unavuja zaidi. Mzee amuulize daktari wake umbali wa kusimama, kwa modeli ya betri yake hasa.

Kibao_Kata: Na foili mbili?
— 🤦