Somo: Kupeleka vijana wa usharika misheni Dar es Salaam

Bwana Yesu asifiwe. Naandika somo hili mara moja ili kila atakayeniuliza nimwelekeze hapa, kwa maana kila mwaka viongozi wa vijana wa huku kwetu Moshi na wenzetu wa Arusha hunipigia simu kwa swali lile lile la namna ya kupeleka vijana misheni Dar, na karibu wote huanza na habari za basi la kusafiria. Basi ndilo jambo jepesi kuliko yote. Ninafuata utaratibu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, kwa sababu ndio ninaoujua. Walio wa madhehebu mengine watabadilisha majina ya ngazi tu.

Hatua ya kwanza. Wazo lipite kwenye kamati ya vijana, kwa mchungaji na kwenye baraza la wazee kabla halijatangazwa ibadani.

Hatua ya pili. Chagueni majira. Likizo ya katikati ya mwaka inafaa zaidi, kwa kuwa masika yamekwisha na joto la pwani limepungua. Desemba mtashuka kwa raha, lakini kama mnarudi karibu na Krismasi mtagombania viti na Wachagga wote wa Dar wanaopanda kwenda “kuhesabiwa”, yaani kula sikukuu nyumbani.

Hatua ya tatu ni mwenyeji, nayo isomwe mara mbili, kwa sababu misafara mingi huharibikia hapa, na wetu uliwahi kuharibikia hapa hapa. Barua hutoka usharikani, hupita kwa mkuu wa jimbo na dayosisi, kisha huenda Dayosisi ya Mashariki na Pwani na kushuka hadi usharika mnaokwenda. Jibu linaporudi likisema “karibuni sana”, msidhani kwamba mmekubaliana. Hakuna mwungwana anayemkatalia mgeni, na mchungaji anaweza kuandika “karibuni” huku juma hilo hilo ana mavuno, ana kipaimara, na ukumbi wake umekwisha kuahidiwa kwa harusi. Makubaliano ni karatasi inayoeleza vijana watalala wapi na maji yanatoka siku zipi, nani atapika na kwa fedha ya nani, nani atalipia vyombo vya muziki, na zaidi ya yote ni kazi gani mwenyeji anataka ifanywe. Msipeleke ratiba mliyoitunga Moshi mkamtaka aitekeleze. Mwulizeni kwanza ana mzigo gani ambao mikono ya vijana inaweza kuupunguza, kisha pangeni kuanzia hapo. Watangulie viongozi wawili wakaone mahali kwa macho yao. Kama kuna mkutano wa hadhara, taarifa ya maandishi hupelekwa polisi si chini ya saa 48 kabla, na mtendaji wa mtaa ajulishwe. Haya ayafanye mwenyeji, kwa kuwa ndiye atakayebaki pale nanyi mkiwa mmeondoka. Mwulizeni pia msikiti wa jirani uko wapi, ili spika zisielekezwe huko wala kupigwa wakati wa adhana. Anayekwenda nyumba kwa nyumba afuatane na mwenyeji wa mtaa ule. Asiende peke yake hata kama ana karama.

Hatua ya nne. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo kila mmoja wao awe na ridhaa ya maandishi ya mzazi, na msafara uwe na mlezi wa kike na wa kiume.

Hatua ya tano. Michango iingie kwenye akaunti ya usharika yenye watia saini zaidi ya mmoja, isiingie kwenye simu ya katibu.

Hatua ya sita. Kama mnakodi gari, mwenye gari awaonyeshe kibali cha kukodi kutoka LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Kosta inayofanya daladala haigeuki kuwa gari la safari kwa sababu tu dereva wake ni mshirika wenu. Mkienda kwa basi la kawaida, mtashukia Stendi ya Magufuli, Mbezi. Hakikisheni mwenyeji anajua hivyo, asije akawasubiri Ubungo kwa mazoea ya zamani.

Hatua ya saba. Bebeni vyandarua. Huku mlimani malaria ni kidogo, na mtoto aliyekulia Marangu au Kibosho hana kinga ya kutosha dhidi yake. Atakayepata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi apimwe siku hiyo hiyo, na amwambie mhudumu kwamba alikuwa pwani.

MASWALI YA WANACHAMA

Katibu wa vijana, Arusha: Mtumishi, basi la kwenda Dar ni shilingi ngapi?

Jibu: Nauli za mabasi ya abiria hupangwa na LATRA nayo huzitangaza. La kukodi ni mapatano yenu na mwenye gari. Tafadhali soma hatua ya tatu.

Mwanachama, Moshi mjini: Kwa nini tusipande SGR, ile treni ya reli mpya?

Jibu: SGR inatoka Dar kwenda Morogoro na Dodoma. Haiji huku. Treni inayokuja Moshi ni ile ya reli ya zamani, ambayo ilirudi Desemba 2019 na kufika Arusha mwaka uliofuata. Inalala njiani, kwa hiyo pangeni chakula.

Mwinjilisti kijana, Hai: Mambo ya polisi na vibali ni kukosa imani. Mtume Paulo aliomba kibali kwa nani?

Jibu: Paulo alilala gerezani Filipi, ndugu yangu, na hakuwa amebeba watoto wa watu. Injili haikatazwi na mtu kujua kwamba mpo.

Mama mlezi, Machame: Shikamoo mtumishi. Mimi nitasafiri na mabinti, wengi wao hawajawahi kutoka Kilimanjaro. Nijiandae vipi, na mbali na mahubiri, vijana wanaweza kufanya kazi gani mjini?

Jibu: Marahaba, mama, na asante kwa kuuliza vizuri. Omba mabinti walale karibu na choo, ili asiwepo wa kuvuka uwanja usiku, nawe ulale chumba hicho hicho. Wagawe wawili wawili, na kila mmoja awe na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu kwenye mwendokasi na daladala zilizojaa simu huchomolewa upesi. Nguo ziwe za pamba nyepesi. Sare nzito za kwaya zinazopendeza Machame zitawaangusha kwa joto. Kuhusu kazi, wenyeji huomba mambo madogo kuliko tunavyofikiri: kufua na kupika kwa wazee wanaoishi peke yao, kufundisha hesabu wanafunzi wa jirani, kupaka rangi darasa la shule ya Jumapili. Wagonjwa wa Muhimbili watembelewe kwa saa za hospitali, na kwaya isiimbe wodini bila ruhusa. Kwenye kituo cha watoto, msiwapige picha na kuzituma kwenye makundi. Mbali na heshima yao, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mzee wa kanisa, Moshi: Vijana wataomba kwenda kuoga baharini. Mnawaruhusu?

Jibu: Tunawaruhusu kuiona bahari na kulowesha miguu. Wengi wa watoto wetu hawajui kuogelea, na mawimbi hayana huruma kwa mgeni. Kuvuka kwa pantoni kwenda Kigamboni huwafurahisha vile vile kwa fedha kidogo.

Katibu wa vijana, Arusha: Samahani, sasa nimesoma yote. Zawadi ya mwenyeji iwe nini?

Jibu: Umesamehewa. Wapelekeeni ndizi za kupika na kahawa. Ndizi zikatwe zikiwa changa kabisa, mzifungie kwenye magunia yanayopitisha hewa, na zisiwekwe kwenye buti karibu na injini, la sivyo zitafika Mbezi zimeiva. Maparachichi msibebe, siku mbili za joto la Dar zinayamaliza.